Sura ya Tisa: Ngozi Isiyojibu

Mwosha maiti hasemi alichokiona mwilini. Sharti hilo Inspekta Ikram Shaban alilijua tangu akiwa binti huko Kondoa, lakini asubuhi ile ya Ijumaa, kabla hajaruhusiwa kuingia chumba cha kuoshea nyuma ya msikiti, bibi aliyekuwa akiongoza shughuli alimkumbusha tena, huku akimkazia macho kana kwamba polisi wote wamezaliwa wambeya. Ikram akasema amesikia. Akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akaingia.

Juu ya ubao alilala Shamila Mgeni, daktari wa ngozi, aliyemaliza shahada ya uzamivu na kurudi nyumbani Dodoma kuendelea na mafunzo ya utafiti. Alhamisi asubuhi wapita njia walimkuta kwenye korongo la Mkonze, karibu na nyumba aliyopanga, amenyongwa kwa kitu kipana na laini. Daktari aliyempasua alisema aliuawa usiku wa kuamkia siku hiyohiyo, kwa kuwa mwili ulikuwa bado mbichi. Na Jumatano jioni majirani walikuwa wamemwona mchumba wake, Mustapha, akigonga mlango wa Shamila kwa hasira mpaka giza likaingia.

Mustapha alikuwa mahabusu. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo, na bingwa wa ngozi aliyeombwa na polisi aziangalie picha alisema ni kucha za mwanamke. Jumanne kijana alikuwa Kibakwe akinunua maharage, akalala hukohuko, na watu chungu nzima walimwona. Jumatano usiku alikuwa kitandani kwake, na shahidi wake ni mto wake. Bosi wa Ikram hakuona sababu ya kuumiza kichwa. Alitaka jalada mezani kabla ya jioni, Mustapha asomewe shitaka la mauaji, watu waende zao mapumziko ya wikiendi.

Kilichomnyima Ikram usingizi ni baridi. Waliomtoa Shamila korongoni walisema alikuwa baridi ya kuuma vidole, na usiku ule wa kifuku, msimu wa mvua, ulikuwa wa fukuto, hata mbwa walilala nje. Mkonze walishaanza kunong'ona kwamba binti wa watu amechukuliwa na jini akarudishwa. Askari wenzake walicheka, wakasema ni umande. Ikram hakucheka, na baada ya sala ya Ijumaa maiti ingeingia kaburini. Kumfukua baadaye mtoto wa watu lilikuwa jambo ambalo hakutaka hata kulifikiria.

Basi akaenda kuomba aoshe. Bi Zaitun, mama wa marehemu, alimtazama kitambo, akauliza yeye ni wa ukoo gani wa Kondoa, akajibiwa. Kisha akasema haya, njoo tumsaidie mwenzako.

Chumba kilikuwa kimya isipokuwa maji. Bibi alimwaga, mama akasugua polepole, Ikram akashika upande wa kichwa. Harufu ya udi na ya majani ya mkunazi ilikuwa nzito, na kitambaa cheupe kilichomsitiri marehemu kilikuwa kikiinuka na kushuka kila upepo ulipopenya dirishani. Ikram alijua ni upepo. Hata hivyo alijikuta akikitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na aliona aibu kwa hilo, maana maiti alishaziona nyingi na haikupata kumtetemesha hata moja.

Mkononi mwa marehemu palikuwa na ushanga mwembamba wa marijani. Bi Zaitun alisema huo ni wa shingoni, hakuuvua tangu alipovishwa na bibi yake. Mhudumu wa chumba cha maiti ndiye aliyeutoa shingoni na kuufunga kwenye kifundo cha mkono ili usipotee. Ikram akaufungua. Alipougeuza kwenye mwanga aliona kitu kimebanwa baina ya shanga, kipande cha mdudu aliyepondwa, chekundu kwa cheusi.

Mdudu yule anajulikana na kila mtu anayekaa chini ya taa Dodoma wakati wa mvua. Ni mwembamba kama punje ya mchele, wala haumi. Ukimponda ndipo anapokuonyesha, maana maji yake huchoma ngozi ikatoka malengelenge. Mwaka uliopita alimpata Ikram kwenye kope, akazunguka wiki nzima na jicho moja.

Akageuza kichwa cha Shamila taratibu. Upande wa kushoto wa shingo palikuwa na mstari wa vijishimo vidogo, mahali shanga zilipogandamizwa kwa nguvu. Huo mdudu alipondwa hapohapo, kwa nguvu hiyohiyo. Na ngozi pale ilikuwa safi. Hapakuwa na lengelenge wala wekundu wowote.

Ikram alisimama na maji yakimtiririka mikononi. Alikuwa na kitu, hakujua bado ni nini, na alikuwa amekula kiapo cha mdomo dakika chache zilizopita.

“Mama,” alimwambia Bi Zaitun kwa sauti ya chini, “kuna nililoliona shingoni mwake. Nataka nilipige picha na niuchukue ushanga. Ukikataa, nitatoka hapa sina neno.”

Bibi mwosha aliguna. Bi Zaitun hakumtazama bibi. Alikuwa ameshika kisigino cha mwanawe kwa mikono miwili.

“Tunaficha aibu ya maiti,” alisema. “Hilo uliloliona ni aibu yake?”

“Si yake.”

“Basi lichukue.”

*

Mkoa mzima, mtu wa kuulizwa habari za ngozi alikuwa mmoja. Profesa Lameck ndiye aliyekuwa msimamizi wa Shamila, ndiye aliyewaambia polisi habari ya kucha, na ndiye mwenye kituo cha utafiti kilichojengwa kwenye mwinuko wa mawe nje kidogo ya mji. Ikram alikwenda kwake kama mtu anavyokwenda kwa fundi, kuuliza swali na kurudi. Alichukua picha za mikono ya Mustapha ziwe kisingizio, maana hakupenda kuanza kwa kueleza mambo ya chumba cha kuoshea.

Alipokelewa na Generosa, mtafiti mwenzake Shamila, mwanamke mrefu mwenye macho yaliyovimba kwa kilio. Profesa yuko kwenye simu, alisema, akampitisha maabara asubiri. Palikuwa na baridi ya feni na harufu ya spiriti. Ukutani lilisimama kabati la kioo linalonguruma kwa sauti ndogo, ndani yake visahani vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja kina maji ya rangi ya waridi na utando mwembamba.

“Ni nini hivi?” Ikram aliuliza.

“Ngozi za watu, Afande. Tunachukua kipande kidogo kwa mgonjwa, tunakilisha, tunakiweka kwenye joto la mwili, kinakua. Hiyo safu ya juu ni ya watu wenye ualbino wa vijiji vya Mvumi. Wengine wameshafariki.”

“Na ngozi zao?”

“Zinaendelea kuishi.” Generosa alisema hivyo bila kutia chumvi yoyote, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kisha akaweka kiganja kwenye kioo. “Sisi tulio kwenye mafunzo ya utafiti, siku ya kwanza kila mmoja anatoa ya kwake, iwe ya kulinganishia. Ukitaka kukata ya mwenzio, ujue inavyouma. Hiyo ya pembeni ni ya Shamila.”

Ikram alikuwa ametoka kumwosha mtu huyo. Vidole vyake bado vilikuwa vimenyauka kwa maji hayo. Alikitazama kile kisahani, utando ule unaovuta pumzi yake ya kimyakimya ndani ya joto. Aliogopa, na hakuona haja ya kujidanganya kwamba hakuogopa.

Ili aondoe macho pale, aliuliza Shamila alikuwa akifanya kazi gani hasa. Generosa akatazama mlango kwanza. Wanajaribu mafuta ya kujikinga na jua, alisema, mafuta ya Profesa mwenyewe, na watu wa Mvumi wanayapaka tangu mwaka jana. Shamila aliyapaka kwenye ngozi za kabatini, akaziweka juani. Ngozi zenye mafuta ziliungua mapema kuliko zisizo nayo. Alirudia mara nyingi, jibu likawa lilelile. Jumanne, waliporudi kutoka Mvumi, alisema atamwambia Profesa usoni, na Profesa asipoyasimamisha mafuta hayo, yeye Shamila atayasimamisha mwenyewe.

“Akamwambia?”

“Sijui. Niliwaacha hapa wawili, taa zinawaka, madirisha wazi. Profesa anasema alimrudisha Mkonze kwa gari. Jumatano Shamila hakuja kazini, akatuma ujumbe kuwa anaumwa.” Generosa alipangusa pua. “Ilikuwa siku mbaya tu, Afande. Hata chumba cha baridi kilikuwa kimefungwa, Profesa akasema kimeharibika asikifungue mtu.”

“Fundi alikuja lini?”

Generosa akafikiri. “Hakuja fundi. Alhamisi tulikikuta kinafanya kazi.”

 Kile kitu Ikram alichokiona msikitini bila kukielewa kilianza kugeuka upande upande kichwani mwake, na sasa kilikuwa na baridi ya kuuma vidole.

Profesa Lameck aliingia akitabasamu kwa huzuni ya kipimo. Alikuwa mtu mzima aliyevaa nadhifu, mwenye sauti ya darasani, na licha ya joto la saa tano huko nje koti lake jeupe lilifungwa vifungo mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alitoa pole, akasema pengo la Shamila halitazibika, akazipokea zile picha za Mustapha. Akasema tena ni kucha, hana shaka. Alipokuwa akizirudisha alijikuna mkono wa kulia juu ya koti, akaacha upesi.

“Na wewe Profesa umepatwa na nini hapo?” Ikram aliuliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jirani hali ya kuku wake.

Mtu mwingine yeyote angesema si kitu. Mwizi wa mbuzi angesema amejigonga. Lakini Lameck alikuwa amefundisha ngozi maisha yake yote, na mbele yake palikuwa na mwanafunzi mmoja na mgeni mmoja mwenye kuuliza. Ikram aliona jinsi alivyosita, na aliona pia jinsi raha ya kufundisha ilivyoushinda woga.

“Ah, hii,” alisema. “Hii ni nzuri sana. Njooni gizani muione vizuri.”

Chumba cha taa kilikuwa kidogo, kisicho na dirisha. Lameck alifunga mlango, giza likawafunika hata Ikram asione mkono wake mwenyewe, kisha taa ya zambarau ikawaka mezani. Meno ya Profesa yaling'aa, na koti lake likang'aa, uso ukabaki kivuli. Akavua koti, akauweka mkono chini ya taa. Kwa ndani, kuanzia karibu na kiwiko hadi chini, ulipita mstari wa malengelenge yaliyoanza kuwa meusi.

“Wanamwita nzi wa Nairobi,” alisema, “ingawa si nzi, na Nairobi hawamdai. Hang'ati. Unamponda mwenyewe bila kujua. Sumu inakaa kimya, unalala, unaamka, unakunywa chai. Ngozi inachelewa kujibu. Hii ilitoka Jumatano jioni, maana yake nilimponda Jumanne jioni.”

“Unaweza kuwa na uhakika hivyo?”

“Afande, ngozi haisemi uongo.” Alikuwa amechangamka sasa. “Na ina tabia moja. Ukimponda kwenye kiwiko halafu ukakunja mkono, pande zote mbili zinaungua, kama karatasi uliyoikunja wino haujakauka. Ngozi ikigusana na ngozi, zote mbili lazima zijibu.”

“Kwa hiyo huo mkono wako ukigusa shingo ya mtu, na shingo itaungua.”

“Lazima.”

“Ya mtu yeyote?”

“Ngozi yoyote iliyo hai,” alisema Lameck, kidole kimeinuka kama anavyofanya mbele ya darasa.

Kidole kilibaki hewani. Ikram aliweka mezani mfuko wa nailoni wenye ule ushanga, akausogeza chini ya taa mpaka ukalala sambamba na mstari wa mkononi. Ndipo Generosa alipovuta pumzi kwa sauti. Katikati ya weusi wa malengelenge palikuwa na vidoa vya ngozi nzima, kimoja baada ya kingine, mahali ambapo sumu haikufika kwa sababu kitu kidogo cha mviringo kilikuwa kimebanwa hapo. Kila kidoa kilikaa mkabala na ushanga wake.

“Huu ulikuwa shingoni mwa Shamila,” Ikram alisema. “Mdudu bado yumo. Shingo yake nimeishika mwenyewe leo, ni safi. Daktari anasema alikuwa hai mpaka Jumatano usiku. Kama ni kweli, ngozi yake ilikuwa na siku nzima ya kujibu. Haikujibu, Profesa.”

Katika mwanga ule wa zambarau uso wa Lameck haukuonekana. Sauti yake ilipotoka ilikuwa bado ya darasani, ila imekauka. Ngozi za watu hazifanani, alisema. Wapo wachache wasiodhurika na sumu ile kabisa. Pengine marehemu alimgusa mkono kwenye gari, pengine alikuwa mmoja wa wachache hao, na sasa nani atajua, mtu anazikwa leo.

Generosa ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo kutoka gizani.

“Ya kwake iko hai, Prof. Iko kabatini. Tukiipaka sumu hiyo leo, kesho tutajua.”

Mlango ulifunguka kwa kishindo kabla hajamaliza. Mwanga wa maabara uliwapofusha, na Ikram alipopata macho yake alimwona Profesa amekwisha kufungua kabati, kisahani cha pembeni kiko mkononi, anakipeleka kwenye sinki ambako chupa ya jiki ilikuwa wazi. Alikuwa akitembea haraka tu, bila kukimbia, mtu anayemaliza kazi ndogo iliyobaki. Ikram alimfikia, akamkamata mkono wa kulia palepale penye malengelenge, akakaza.

Lameck alilia kama mtoto. Kisahani kilimponyoka, Generosa akakidaka kwa viganja viwili, maji ya rangi ya waridi yakammwagikia vidoleni nusu yake. Alikikumbatia kifuani, akarudi nacho kwenye kabati, akakaa sakafuni mbele ya kioo asiondoke.

“Alikuwa ananiharibia kazi ya miaka,” Lameck alisema, pingu zilipofungwa. Hakulitaja jina la Shamila. Aliuliza kama wanaweza kutomkaza sana upande ule wenye kidonda, na Ikram, ambaye hakuwa na moyo mgumu kwa kawaida, hakulegeza.

Chumba cha baridi kilipofunguliwa, sakafuni nyuma ya maboksi palikuwa na kiatu kimoja cha kike. Korongoni walikuwa wameokota cha pili, wakadhani cha kwanza kimeliwa na mbwa. Lameck alimweka Shamila humo usiku wa Jumanne na kutwa ya Jumatano, akiandika ujumbe kwa simu ya marehemu huku wenzake wakipita mlangoni, kisha usiku akamtupa korongoni. Generosa aliangalia picha za mikono ya Mustapha mara moja tu, akasema hiyo ni miiba, kucha haziendi hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua.

*

Bosi alinung'unika kwenye simu, kisha akasikiliza, kisha akakubali. Ikram aliendesha mwenyewe hadi kituoni, maana sala ilikuwa karibu na hakumwamini dereva yeyote kwa mwendo aliotaka kwenda.

Mustapha alikuwa amekaa kwenye kona ya mahabusu, magoti kifuani. Hakuinuka alipoitwa. Ikram alimwambia yuko huru, akamwambia aliyefanya amekamatwa, akamtaja. Mustapha alisikiliza yote hayo kama mtu anayesomewa tangazo la watu wengine. Hakushukuru, wala hakuuliza habari za Lameck.

“Alikufa lini?” aliuliza.

“Jumanne usiku.”

“Wamesema Jumatano.”

“Walikosea. Jumanne. Wewe ulikuwa Kibakwe.”

Kijana akatazama mikono yake iliyokwaruzika. Ikram aliona midomo ikisogea bila sauti, akihesabu kitu. Kisha macho yake yakapanda, na yalikuwa yamebadilika.

“Jumatano niligonga,” alisema. “Nilipiga simu tangu Jumanne hapokei. Nikajua amenuna, tuligombana kabla sijasafiri. Niliona taa inawaka ndani. Nilisimama pale mlangoni, dada, nikamwambia maneno. Nikamwambia nimechoka naye. Nikamwambia nikiondoka hapa asinitafute tena hata nikifa. Majirani walisikia. Muda wote huu humu ndani sikuwa nawaza kesi. Nilikuwa nawaza kwamba hayo ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu.”

Ikram alichuchumaa mbele yake, magoti yakagusa sakafu chafu.

“Taa iliachwa tu ikiwaka, hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ile,” alisema. “Hakusikia hata neno moja.”

Mustapha alifunika uso, akalia kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, kilio kikubwa kisicho na haya, hata mahabusu wengine wakageukia ukuta. Ikram alimwacha. Alipomaliza alijipangusa kwa bega, akainuka, akaanza kukunja mikono ya shati lake, na akaomba aonyeshwe penye maji ya kutawadha.